Sungura Aliyekonda: Namna ya Kumnenepesha Pasipo Kumdhuru

Mkulima akiona ng'ombe wake amekonda, humtafutia malisho mema. Akiona sungura wake amekonda, mara nyingi hukimbilia debe la unga. Hudhani kwamba kwa kuwa mnyama huyu ni mdogo, na unga una nguvu, basi kwa siku chache mifupa yake itafunikwa na nyama. Kumbe sungura ambaye angeweza kupona hufa siku ya tatu au ya nne, tumbo limemvimba, na mwenyewe husema, "Nilimpa kila kitu." Naam, alimpa kila kitu, isipokuwa kile alichokihitaji.

Karatasi hii ni kwa ajili ya mtu mwenye sungura wachache nyuma ya nyumba, ambaye kwake jike mmoja mzima ni kitoweo cha Jumapili na daftari za watoto. Neno kubwa nitakalosema ni hili: sungura aliyekonda asipewe chakula kizito kabla hujajua kwa nini amekonda, na hata ukiisha kujua, nyasi kavu huja kwanza, nafaka huja nyuma, tena polepole.

Tumbo la sungura lilivyo

Sungura wa kufugwa si yule wa porini tunayemjua katika hadithi. Yule wa porini hachimbi shimo la kuishi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Huyu wa kizimbani asili yake ni nchi ya Hispania na jirani zake, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba. Ujanja wote wa hadithi ni wa yule mwingine. Huyu wetu ametuachia sisi tufikiri kwa niaba yake.

Ng'ombe huchachusha majani katika tumbo la mbele, kisha hucheua. Sungura hacheui. Kazi ile ya kuchachusha hufanyika nyuma, katika mfuko mkubwa ulioko pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Mfuko huo umejaa vijidudu visivyohesabika, navyo si ugonjwa bali ni watumishi wake: ndivyo vinavyoyageuza majani kuwa chakula. Kisha mnyama hutoa choo cha namna mbili. Kimoja ni vile vidonge vikavu tunavyovifagia. Cha pili ni laini, king'aacho, kimeshikamana kama kishada kidogo cha zabibu, nacho hukila tena palepale kinapotoka, ili apate nguvu zilizobaki. Msomaji wa kitabu cha Walawi atakumbuka kwamba sungura ametajwa humo pamoja na wanyama wanaocheua. Ukimtazama akitafuna hali hana jani mbele yake, utaona jinsi mtu awezavyo kufikiri hivyo. Basi usimzuie wala usimwone mchafu. Walakini ukikuta choo hicho laini kimelala sakafuni hakikuliwa, ujue kuna kasoro: ama chakula chake ni kizito mno, ama ana maumivu na hawezi kujipinda.

Vijidudu hivyo vya tumboni vimezoea majani magumu. Nyuzi za majani ndizo zinazousukuma utumbo, kama vile mtu asukumavyo mtumbwi kwa upondo. Unga mwingi ukiingia ghafula, utumbo mwembamba hauwezi kuumaliza. Unaobaki huangukia katika mfuko ule, na vijidudu vibaya huzaliana kwa upesi kuliko vile vyema, vikatoa hewa na sumu. Tumbo huvimba, utumbo husimama au huharisha maji. Tena sungura hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia ila mbele. Walio katika hatari kubwa kuliko wote ni watoto walioachishwa ziwa karibuni, maana matumbo yao bado hayajakomaa.

Wako wafugaji wenye sungura wa kijivu waitwao Chinchilla, ambao walionyeshwa kwanza huko Ufaransa mwaka 1913. Jina hilo waliazimwa kutoka kwa mnyama mwingine kabisa, chinchila wa milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, kwa sababu ya rangi ya manyoya. Chinchila mwenyewe hula majani makavu ya milimani, na meno yake hukua siku zote kama ya sungura wetu. Katika nchi za Ulaya na Marekani watu humfuga nyumbani kwa mapenzi tu, na akikonda nao huangukia kosa lilelile la kumpa zabibu kavu, karanga na mkate. Nalitaja hilo ili mkulima asidhani kwamba kosa hili ni la watu wasiosoma.

Amekonda, au ni umbo lake?

Macho hudanganya, maana manyoya huficha mifupa. Tumia mkono. Mweke sungura juu ya gunia asiteleze, umtulize, kisha upitishe vidole juu ya uti wa mgongo, ubavuni, na nyongani. Kwa sungura mzima utausikia uti wa mgongo, lakini vifundo vyake ni vya mviringo, kana kwamba vimefunikwa na kitambaa kizito. Kwa aliyekonda vifundo huchoma kidole kama meno ya msumeno, nyonga hujitokeza, na nyama ya pande mbili za uti imebonyea. Ukizoea kuwapapasa wote kila juma, utamjua anayeanza kukonda kabla jirani hajamwona.

Kisha mpime. Mizani ya dukani yafaa. Pima kikapu kitupu kwanza, kisha kikapu pamoja na sungura, utoe. Tuseme kikapu ni gramu 600, na vyote viwili ni kilo 3 na gramu 100. Basi sungura ni kilo 2 na nusu. Fanya hivyo siku ileile ya juma, asubuhi kabla ya kumpa chakula, uandike katika daftari. Mtu asiyeandika hubishana na kumbukumbu yake mwenyewe. Wala usimlinganishe sungura wako na wa mwingine: New Zealand mweupe aliyekomaa hufika kilo 4 hadi 5, lakini mchanganyiko wetu wa vijijini huenda akawa mzima kabisa kwa kilo 2 na nusu. Mlinganishe na uzani wake mwenyewe wa mwezi uliopita.

Tafuta sababu kwanza

Anza na maji, maana ni jambo jepesi kuliko yote nalo husahauliwa kuliko yote. Wako watu wasemao kwamba sungura hupata maji ya kutosha katika majani. Si kweli, hasa kwa jike anyonyeshaye. Sungura asiye na maji huacha kula majani makavu, na asiyekula hukonda. Bakuli zito la udongo lisilopinduka, lioshwe kila siku, na maji yawepo usiku na mchana. Ukiona kinyesi ndani ya bakuli, hayo si maji tena.

Pili, tazama nani anayekula kile chakula. Mahali wakaapo wengi pamoja, yule mnyonge husukumwa pembeni hata majani yaishe. Nenda bandani saa moja ya usiku na taa, maana sungura hula sana jioni na alfajiri, wala si wakati ule wa mchana upitapo kuwatazama. Huenda ukamkuta panya ndiye aliyenenepa. Mwanamke mmoja alikuwa akimwekea jike wake pumba kila jioni, na kila asubuhi kihori kilikuwa kitupu, naye jike akizidi kukonda. Alipokesha usiku mmoja aliona panya wanne wakila kwa raha, na sungura amejikunyata katika kona. Mabati yaliyofungwa katika miguu ya kizimba yalimponya jike yule, wala hakuhitaji dawa yo yote.

Tatu, meno. Meno ya sungura hayakomi kukua. Yale ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 kwa juma au zaidi, na kutafuna majani magumu ndiko kuyasagako. Finyua mdomo wa juu uyaone. Yawe yamekutana sawasawa, ya juu mbele kidogo ya yale ya chini. Yakipishana, au yakipinda kama pembe, sungura hutamani chakula, huja mbio kukinusa, kisha hukiacha. Meno ya nyuma hayaonekani kwa urahisi, lakini yakiwa na ncha zinazochoma ulimi utaona kidevu kimelowa mate. Usiyakate meno kwa koleo la fundi, maana hupasuka mpaka kwenye mzizi na kufanya jipu. Peleka mnyama kwa bwana mifugo. Na sungura aliyezaliwa na meno yaliyopishana asizalishwe, kwa kuwa kilema hicho hurithiwa.

Nne, ugonjwa wa koksidia. Huu ndio adui mkubwa wa sungura wadogo, tangu kuachishwa ziwa hata miezi minne hivi. Mtoto hukonda mgongoni huku tumbo limejaa kama kibuyu, manyoya hukosa mng'ao, na mara nyingi huharisha. Mayai ya vijidudu hivyo hutoka katika kinyesi, nayo yahitaji unyevu na muda wa siku mbili au tatu hivi kabla hayajaweza kuambukiza. Kwa sababu hiyo yule afagiaye kila siku huyatoa kabla hayajaiva, na yule afagiaye kila Jumamosi huwalisha sungura wake ugonjwa. Sakafu iwe ya fito au mianzi yenye nafasi, kinyesi kianguke chini. Na majani yasitupwe sakafuni bali yawekwe katika tundu la kando. Zipo dawa za kutiwa katika maji, lakini kipimo chake kitoke kwa bwana mifugo. Ukichinja na kukuta maini yana madoa meupe, mwonyeshe.

Tano, tazama masikio na nyayo. Upele wa masikio hufanya magamba mazito ya rangi ya kahawia, na mnyama hutikisa kichwa na kujikuna usiku kucha; asiyelala hanenepi. Usiyang'oe magamba hayo, maana chini yake mna nyama mbichi. Yalainishwe kwa mafuta safi ya kupikia, na bwana mifugo atoe dawa ya kuua wadudu, si kwa mmoja tu bali kwa wote walio bandani. Nyayo zikiwa na vidonda kwa sababu ya waya, mpe ubao wa kukalia.

Na joto, je? Sungura hatoi jasho. Hewa ikipita nyuzi 30 huanza kupunguza chakula, na huko pwani, katika miezi ya kaskazi, wengi hukonda kwa sababu hiyo tu. Banda liwe kivulini, lipite upepo, na chakula kikubwa kitolewe jioni.

Jike aliyenyonyesha hana haja ya kutafutiwa sababu nyingine. Amewapa watoto wake mwili wake. Naye ndiye anayeuawa kwa unga mara nyingi, kwa kuwa bwana wake ana haraka ya kumpandisha tena.

Namna ya kumlisha

Ukiisha kumtenga katika kizimba chake, karibu na wenzake apate kuwaona na kuwanusa, mwekee nyasi kavu zisizokoma usiku wala mchana. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu, zianikwe na kugeuzwa siku mbili au tatu mpaka zikauke, kisha zihifadhiwe pasipofika mvua. Nyasi njema hunukia vizuri na bado zina rangi ya kijani. Zenye ukungu zitupe katika shimo la mbolea. Usimpe hata kidogo, wala usizikung'ute ukidhani zimetakata. Mashina ya karanga na ya kunde yaliyokaushwa baada ya mavuno ni mazuri sana kwa aliyekonda, kwa kuwa yana nguvu ya kujenga nyama kuliko nyasi, na mengi huchomwa bure shambani. Hayo nayo yakaguliwe yasiwe na ukungu.

Majani mabichi yazidishwe kidogo kidogo: majani ya viazi vitamu, mchunga, kishona nguo angali mchanga, majani ya mforsadi na ya migomba. Kama hakuzoea jani fulani, siku ya kwanza mpe kiasi cha kiganja, utazame kinyesi cha kesho yake. Yaliyokatwa yasilundikwe, maana katikati ya lundo huwa moto na kuchacha, yatandazwe kivulini. Usimpe kamwe majani ya viazi mviringo, ya nyanya, ya mparachichi, ya mbono, wala ya mranaha. Majani ya muhogo mabichi yana sumu pia, yaache. Matawi membamba ya mpera na ya mforsadi mpe ayatafune gome, yatasaga meno yake.

Shika hivyo juma zima bila nafaka. Najua ni vigumu kungoja, tena jirani atakucheka. Lakini ukiona vidonge vya kinyesi vimekuwa vikubwa, vya mviringo, vyenye nyuzi ndani ukivivunja, umepata habari njema kabla mizani haijakuambia.

Ndipo uanze chakula cha kuongeza nguvu. Kwa sungura wa kilo 3 anza na kijiko kimoja cha chakula kwa siku: pumba za ngano au za mahindi, zilizochanganywa na mashudu kidogo ya alizeti. Kaa siku tatu. Kinyesi kikiwa chema, ongeza kijiko cha pili. Endelea hivyo kwa muda wa siku 10 au zaidi, usipite konzi moja ndogo kwa siku, na gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Kinyesi kikilainika, ondoa pumba zote siku hiyo hiyo, urudi kwenye nyasi kavu peke yake. Ukitumia chakula cha sungura cha dukani, kanuni ni ileile: kiongezwe polepole, na nyasi zisikome. Ugali, mkate, wali, sukari na matunda mengi havina kazi hapa. Chakula cha kuku nacho kiache, maana kingine hutiwa dawa ambazo kwa kuku ni kinga na kwa sungura ni sumu.

Usitazamie mwujiza wa juma moja. Uzani ukipanda kidogo kila juma, majuma matatu mfululizo, njia ni njema. Ukikaa palepale hali anakula vizuri, rudi kwenye meno na koksidia, utazame tena.

Aliyeacha kula

Haya niliyoyasema ni ya sungura aliyekonda ambaye bado anakula. Aliyeacha kula kabisa ni jambo lingine, nalo halingoji siku ya gulio. Ukimkuta amejikunyata, anasaga meno kwa maumivu, hajagusa chakula tangu jana, na chini yake hakuna kinyesi, tafuta bwana mifugo leo hii. Utumbo uliosimama siku nzima ni hatari ya kufa. Njiani mfunike kikapu apate giza na utulivu, umwekee majani anayoyapenda zaidi.

Kama tumbo si gumu wala halikuvimba, na msaada uko mbali, waweza kumpa uji mwembamba wa majani makavu yaliyotwangwa na kuchekechwa, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Akae wima, usimlaze chali. Ingiza bomba kando ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, utoe matone machache, ungoje ameze, ndipo utoe mengine. Ukiharakisha, uji huingia katika mapafu. Tumbo likiwa limekaza kama ngoma, usimlishe kitu.

Nawasihi wasomaji wangu juu ya jambo moja la dawa. Penisilini, ampisilini na amoksilini za kunywa, ambazo hukaa katika nyumba nyingi na ambazo mtu humpa mtoto wake apone, kwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni na kuviacha vile vibaya vitawale. Mnyama huharisha na kufa baada ya siku chache, na mwenyewe hudhani ni ugonjwa ule wa kwanza. Usimpe sungura dawa ya mtu wala ya kuku kwa kukisia. Na kila atoaye dawa umwulize ni siku ngapi zipite kabla nyama haijaliwa, uandike tarehe juu ya kizimba, watoto nyumbani waione.

Jike akirudi katika uzani wake wa zamani, mkono ukipita mgongoni pasipo kuchomwa, ndipo apelekwe kwa dume. Mimba ni siku 31 hivi, na baada yake majuma matano au sita ya kunyonyesha. Anayeanza safari hiyo akiwa mifupa, huzaa wachache na kuwakosesha maziwa. Wakati wa kunyonyesha pumba zake ziongezwe, kwa kijiko kama mwanzo, na maji yake yatazamwe mara mbili kwa siku. Watoto wakiisha kuachishwa, mpunguzie pumba taratibu, umpime, na umpe muda wa kupumzika mpaka daftari iseme amerudi.